Siku Niliyohesabu Watu Kwenye Mchanga wa Luama

Miaka tisa niliyokuwa nayo wakati ule ilinitosha kujua hesabu, haikunitosha kujua kufunga mdomo. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kuhesabu kwa vijiti, na tangu siku hiyo sikupumzika. Nilihesabu vifaranga, nilihesabu viraka vya suruali ya baba, nilihesabu mafiga ya jikoni ambayo hata kipofu anajua ni matatu. Mama alinivumilia. Nyanya, mama yake mzazi, hakunivumilia hata kidogo. "Riziki, hicho kidomo chako kitakuponza," alikuwa akiniambia, na mimi nacheka.

Nilicheka kwa sababu Nyanya alikuwa na makatazo ya kujaza kitunga. Usipige mluzi ndani ya nyumba. Usiruke miguu ya mwenzako aliyelala. Usiitike sauti iliyokuita mara moja tu. Mengi ya hayo ukiyakosea alikukemea, yakaisha. Lakini lilikuwepo moja ambalo hakulifanyia mchezo, wala yeye wala mtu mzima yeyote wa upande wetu wa Kabambare: watu hawahesabiwi kando ya mto. Luama una wenyewe, walisema, na wenyewe hao hawajui idadi yenu mpaka mmoja wenu aitamke. Akiitamka, wanachukua mmoja. Ndiyo maana hata leo watu wetu wakitembea mchangani hawaulizani mko wangapi. Mkubwa wa safari anasimama, anageuka, anauliza, "Tumetimia?" Kila mtu anajibu, "Niko." Akizisikia sauti zote, safari inaendelea.

Kiangazi cha mwaka huo mimba ya Tantini Feza ilikuwa imefika mwisho. Tantini Feza alikuwa mdogo wake mama, binti wa mwisho wa Nyanya, na nilimpenda kupita kiasi. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenipa kuku wangu wa kwanza, mwenye madoa. Mume wake, Asumani, alikuwa anachimba dhahabu Salamabila. Alikuja mara moja, wakati wa kupanda mpunga, akarudi machimboni, na ndugu zake wakaanza kupiga hesabu ya miezi kwa vidole. Hesabu ilikuwa inakubali kabisa. Lakini watu wakishaamua kushuku, hawakosi kidole cha kuongeza.

Na hapa kuna jambo sipendi kulisema, lakini bila hilo hamtanielewa. Kwetu, mtoto akikataa kutoka, au akitoka amekufa, watu hawaulizi ugonjwa gani. Wanamuuliza mama yake alitembea na nani. Mwanamke anaombwa jina, na asipolitoa anaombwa tena, na safari hiyo si kwa maneno. Nimewaona wanawake waliotaja jina la mwanamume yeyote tu ili waachwe. Halafu walirudishwa kwao na vyungu vyao kichwani.

Kwa hiyo dada mkubwa wa Asumani, Mama Sauda, alipofika kwetu wiki mbili kabla ya Feza kujifungua, na mkeka wake kwapani, akasema amekuja kumsaidia wifi yake kuchota maji, hakuna aliyedanganyika. Sikuwahi kumwona ameshika ndoo. Alikaa barazani, akamwangalia Tantini Feza akiingia na akitoka.

Basi siku moja saa za kula, Nyanya akatangaza kwamba kesho asubuhi tunampeleka Feza kituo cha afya cha chini ya mto, akajifungulie huko. Barabara ya pikipiki ilizunguka mbali na daraja lake lilikuwa limevunjika. Mtumbwi nao ungekwama kila hatua, maji yalikuwa yamepungua mno. Ilibaki miguu, kufuata mchanga. Mama Sauda akasema na yeye anaenda. Nyanya akamjibu, "Karibu sana, mama." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nalamba vidole.

"Na Riziki."

Mama akashangaa. "Huyu? Huyu atawachelewesha."

"Na Riziki, nimesema."

Jamani, nilivyofurahi! Nyanya hakuwahi kunichukua safari yoyote. Asubuhi alinishika sikio mlangoni akaniambia nisihesabu watu kule mchangani. Tulipopita shamba la mihogo akanirudia. Tuliposhuka ukingoni akasimama, akainama hadi uso wake ukawa mbele ya wangu, akasema kwa mara ya tatu, polepole, "Watu hawahesabiwake huku. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Luama wa kiangazi si mto ule wa mvua. Maji hurudi nyuma, na pale yalipokuwa hubaki mchanga mweupe unaokwenda mpaka macho yachoke. Unatembea mchangani saa nzima, kisha nchi inachomoza ndani ya maji, kilima kidogo cha nyasi kavu zinazompita mtu mzima kimo, na huwezi kupita chini yake kwa sababu maji yanagonga pale pale. Unapanda, unapita kwenye nyasi kwa kijia chembamba, unashuka upande wa pili, unakuta mchanga mwingine. Hivyo hivyo siku nzima. Wakati ule watu walikuwa wanachoma nyasi mbali ng'ambo, na moshi ulikuwa umelala juu ya maji. Jua lilionekana jekundu tangu asubuhi. Sikumsikia ndege hata mmoja.

Nyanya alitangulia na kitunga chake. Tantini Feza akafuata, mimi nyuma yake, na Mama Sauda wa mwisho. Nilikuwa nimezoea Tantini Feza anayeimba njiani. Siku ile alitembea kama mtu anayebeba chungu kilichojaa, na mikono aliiacha ikining'inia. Hakuligusa tumbo lake hata mara moja. Nilimkimbilia nikamwomba niweke mkono, nisikie mtoto akicheza, maana wiki za nyuma alikuwa akiniruhusu na nilikuwa nimepigwa teke zuri.

"Hapana," akasema.

"Kidogo tu, Tantini."

"Riziki, niache!"

Hakuwahi kunifokea. Nilirudi nyuma na midomo imevimba, na Mama Sauda akaniuliza kwa sauti tamu kwamba vipi, tantini yako amekasirika nini? Nyanya, aliyekuwa mbali mbele, akajibu bila kugeuka kwamba ni joto.

Tulipita kilima cha kwanza cha nyasi. Ndani yake niliona tu kisigino cha Tantini Feza, na nyasi zikijifunga nyuma yake. Tulipotoka Nyanya akasimama. "Tumetimia?" Niko, niko, niko. Kwenye mchanga wa pili tukakuta mahali ambapo mamba alikuwa amelala: alama ya tumbo, pana, ikielekea majini, na kingo zake bado hazijabomoka. Nyanya aliitazama, akatuambia tutembee juu zaidi. Kibanda cha wavuvi tuliowategemea kwa maji ya kunywa kilikuwa kitupu. Moto ulikuwa bado una joto, nyavu zimetundikwa, mtu hakuna. Mama Sauda akaita mara mbili, kisha akajuta kuita, nikamwona akifunika mdomo. Ningependa kusema kwamba niliogopa wakati huo. Hapana. Nilikuwa mtoto, nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimefungiwa kitu kimoja tu ambacho nilipenda kukifanya.

Kilima cha pili kilikuwa kirefu. Nyasi zilitukata mikono. Tulipotokea juu yake, pale panapoonekana mto wote chini, Nyanya hakuuliza lolote. Alisimama tu, ametupa mgongo, anatazama maji. Nilingoja aulize. Hakuuliza. Mdomo ukanitoka.

"Nyanya, tuko watano! Nyanya mmoja, mimi wa pili, Mama Sauda wa tatu, na Tantini ni wawili, kwa sababu na mtoto iko ndani!"

Nilijisikia hodari sana kwa yule wa tumboni. Nani mwingine angemkumbuka?

Tantini Feza alikaa chini pale pale kwenye nyasi, taratibu, akafunika mdomo kwa kikwembe alichojifunga. Chini, ng'ambo ya mto, kitu nilichodhani ni gogo kiliteremka mchangani kikaingia majini bila kelele. Wote wanne tulikiona.

Nyanya hakunipiga. Hilo ndilo lililonitisha kwanza. Alinishika mkono akanishusha mpaka ukingoni, akanisukutua mdomo mara tatu kwa maji ya mto, akanitemesha mchangani, si majini. Kisha akamwangalia usoni Mama Sauda, aliyekuwa ametufuata.

"Mama Sauda, weye umesikia?"

"Nimesikia, mama." Alirudi hatua nyuma, mbali na maji. "Ee Mungu wangu, nimesikia."

"Kwa masikio yako?"

"Kwa masikio yangu."

"Na ulichokiona kuingia pa maji, umekiona?"

"Nimekiona."

"Basi, ukumbuke," Nyanya akasema, akainua kitunga chake.

Saa zilizobaki za safari ile sitazisahau nikiwa hai. Nilitembea nikijaribu kuirudisha hesabu: tano, nne, tatu, mbili, moja, kimoyomoyo, nikidhani nikiisema kinyumenyume itafutika. Niliwatazama mmoja mmoja. Nani angechukuliwa? Nyanya akikaribia maji moyo wangu uliruka. Tantini Feza akijikwaa nililia. Mwisho nikaona afadhali nichague mwenyewe, na Mungu anisamehe, nikamchagua Mama Sauda. Nilimwombea mamba kwa moyo wangu wote, mwanamke wa watu, ambaye sasa alikuwa anatembea mbele yangu na malapa yake mkononi. Yule wa tumboni sikumfikiria kabisa. Nilidhani kule ndani yuko salama kuliko sisi wote.

Tulifika jua likiwa bado liko juu ya miti. Mkunga wa kituo alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, lakini alipoweka kile kibomba cha mbao kwenye tumbo la Tantini na sikio lake juu, haraka ikamwisha. Alisikiliza hapa. Akahamisha, akasikiliza pale. Akatutoa nje.

Mtoto alizaliwa kesho yake asubuhi. Alikuwa mvulana, na alikuwa amekufa.

Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha, nikamsikia Mama Sauda akianza humo humo chumbani, hata kabla damu haijafutwa. "Mutoto hafake bure ndani ya tumbo. Feza, sema. Ulitembea na nani? Asumani iko Salamabila, weye ulitembea na nani?" Tantini alikuwa analia tu. Mama Sauda akaongeza sauti. Ndipo nikamsikia Nyanya, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Unamuuliza Feza nini? Hukuwa pale? Si uliniambia umesikia kwa masikio yako? Toka nje, muulize yule aliyehesabu."

Kisha Mama Sauda akatokea mlangoni, akanitazama. Nimekutana na macho mabaya mengi baadaye, vita vimepita kwetu, lakini macho yale ndiyo yanayoniamsha usingizini. Hayakuwa ya hasira. Alikuwa ananiogopa.

Tuliporudi kijijini, wazee wa pande zote mbili walikaa. Mimi niliwekwa katikati, juu ya kigoda, na Mama Sauda akasimulia mwanzo hadi mwisho: nilivyokatazwa, nilivyohesabu, nilivyomtaja mtoto wa tumboni kwa mdomo wangu, na mamba alivyoitikia. Alisimulia vizuri, kwa haki, hakuongeza hata neno. Wazee wakasema mwanamke hana kosa. Asumani akapelekewa habari, naye akajibu kwamba mke wake ni mke wake. Nyanya akatoa kuku wa kuufunga ule mdomo wangu, na kuku aliyemtoa alikuwa wangu, yule wa madoa.

Kuanzia hapo nikawa Muhesabu. Ndilo jina walilonipa. Wanawake wajawazito walivuka njia wakiniona. Rafiki zangu walikatazwa kwenda kisimani na mimi. Shuleni mwalimu akiniambia nihesabu vijiti nilifunga mdomo, akanichapa, nikaufunga zaidi, na mwaka huo nikarudia darasa. Mama alivumilia miaka miwili, kisha akanipeleka Kasongo kwa kaka yake baba, na huko nikakulia. Nikajifunza ushonaji. Nina cherehani mbili sasa na jina zuri mjini, wanawake wanakuja mpaka kutoka Lusangi. Lakini nikipima kiuno cha mteja, kipimo nakiandika tu, sikitamki. Wanadhani ni adabu ya kazi.

Nyanya alikufa nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Sikwenda kumzika. Nilisema njia ni mbaya, na kweli ilikuwa mbaya, lakini sikwenda kwa sababu niliogopa kufika pale na tumbo langu, watu wakimbie. Miezi tisa ile niliishi kama mwizi. Mume wangu akiniuliza tutapata watoto wangapi, nilitoka chumbani. Mtoto alizaliwa mzima, akalia, na mimi nililia kumshinda.

Mwaka uliopita Tantini Feza alikuja Kasongo kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, kushonewa nguo ya harusi ya binti yake mkubwa. Amezeeka vizuri. Yeye na Asumani wana watoto wanne, wote wako hai. Nilimpa maji, nikamsimamisha katikati ya chumba, nikazungusha utepe kifuani pake. Akaona nimeandika bila kusema kitu.

"Mpaka leo hutajake hesabu?" akaniuliza.

"Nitaje ili nani afe tena?"

Nilitania, lakini yeye hakucheka. Alinishika mkono wenye utepe.

"Riziki, yule mutoto hakufa pa mto. Alinyamaza siku ya soko, mbele ya safari, tukiwa bado nyumbani. Siku tatu hakucheza tena. Nilimwambia mama. Akaweka sikio lake pa tumbo, akasikiliza mpaka ugali ukaungua pa moto. Akaniambia nisilie, Mama Sauda asisikie."

Naona nilisema, "Kumbe." Nilisema hivyo mara kadhaa.

"Nilijua wataniua," akaendelea. "Kwa fimbo ao kwa maneno. Nilimwambia mama afazali nijitupe mimi mwenyewe ndani ya Luama. Mama akanijibu, 'Usiogope. Tutaenda na Riziki.'"

"Kwa nini mimi?"

Tantini alitazama miguu yake. "Alisema weye huwezi kumaliza siku bila kuhesabu. Alisema, nikimukataza mara tatu, atahesabu mbele ya jua kusimama katikati."

Mara tatu. Mlangoni, kwenye mihogo, ukingoni. Nyanya alinipika kama unavyopika wali, anajua kabisa utaiva saa ngapi. Na pale juu ya kilima cha pili alitupa mgongo akaningoja, mama yule, hali anajua bintiye amebeba maiti, hali kila kitu kimebaki kwenye mdomo wa mtoto wa miaka tisa. Mamba tu ndiye ambaye hakumpanga. Au sijui. Nilimuuliza Tantini kuhusu yule mamba, akasema hata yeye na Nyanya walipomwona waliishiwa nguvu, na kwamba Nyanya, mpaka anakufa, hakukanyaga tena mchanga ule.

"Unanikasirikia?" Tantini akauliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimekasirika sana."

Akaitikia kwa kichwa. Alilia kidogo, mimi pia, kisha nikammalizia vipimo kwa sababu harusi haingoji. Nguo ilimkaa. Nilikwenda kwenye hiyo harusi, nikacheza, nikamwona bi harusi akicheka na meno yake yote nje, nikajua kwamba msichana yule asingekuwepo duniani kama mama yake angerudishwa kwao na chungu kichwani. Najua hilo. Nyanya alimwokoa mtoto wake kwa kitu alichokuwa nacho karibu, na sidhani kama kilikuwepo kingine. Jioni nyingine nikiwa nashona namhurumia mpaka namsamehe. Asubuhi naamka nimesahau kwamba nimemsamehe, naanza tena.

Maana nawaza hivi. Nilimpenda Tantini Feza kuliko kuku, kuliko shule, kuliko rafiki zangu wote waliokuja kunikimbia. Kama Nyanya angeniita nyuma ya nyumba siku ile, akaniambia ukweli, kwamba tantini yako yuko hatarini na tunahitaji mtu wa kubeba lawama, ningekubali. Ningepanda kile kilima nikahesabu kwa sauti ya kufika ng'ambo, na jina la Muhesabu ningelibeba kichwa juu. Ningekubali kabisa. Ila hakuniuliza.